Pa Kuweka Beji za Mradi Wako Ili Zisikuangushe

Vijana wanaoandika programu huria Tunduma, Vwawa na Mlowo, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, wanarudi na swali lilelile: beji zao kwenye README zinapotea. Jana palikuwa na kijani kinachosema majaribio yamepita, leo pana alama ya picha iliyovunjika. Wapo walioshauriwa wakodi seva. Wapo walioambiwa wanunue kikoa. Wapo waliokwisha kuwasha kompyuta ndogo dukani kwa ndugu ili itoe beji usiku na mchana, na sasa roho inawaruka kila umeme ukikatika.

Jibu fupi kwanza, kwa mwenye bando linaloelekea ukingoni:

- Beji ya majaribio ichukue palepale msimbo wako ulipo.
- Beji ya namba unayoikokotoa mwenyewe iweke kama faili ndani ya ripo yako.
- Chache zilizobaki zichukue Shields.io.
- Usikodi seva wala usiwashe ya kwako kwa ajili ya beji.

Ukifuata hayo, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Anayetaka kujua sababu na hatua, tuendelee.

## Kwanza uijue safari ya beji moja

README ndilo faili ambalo mgeni hulikuta akifungua mradi wako, na beji ni vile vibandiko vidogo vya rangi vilivyo juu yake: majaribio yamepita au yamefeli, toleo ni lipi, leseni ni ipi. Mtu wa Lusaka au Dar es Salaam asiyekujua huvitazama kabla hajasoma mstari mmoja wa msimbo. Wakala wa forodha pale mpakani Tunduma hatazami mhuri peke yake, anatazama nani kaugonga. Na beji ni hivyohivyo, thamani yake inatokana na aliyeitoa na kama bado yupo.

Tuchukue mfano na tukae nao hadi mwisho. Tuseme una maktaba ndogo ya Python ya kubadili kwacha kuwa shilingi, kwa ajili ya wafanyabiashara wa Tunduma na wa Nakonde, upande wa Zambia. Umeiita `kwacha-shilingi`. Umeiweka GitHub, umeichapisha PyPI, na juu ya README umeweka beji ya toleo kutoka Shields.io.

Mgeni anafungua ukurasa kwenye simu. Simu haiendi moja kwa moja Shields. GitHub huwa imekwisha kuibadilisha anwani ya hiyo picha ya nje ili ipite kwenye seva yake iitwayo Camo, ambayo kazi yake mojawapo ni kumficha msomaji asijulikane na mwenye picha. Camo ikikosa nakala kwenye akiba yake, inakwenda kuiomba Shields. Shields nayo haijui toleo la maktaba yako. Inakwenda kuuliza PyPI. PyPI ikijibu, Shields inachora kipicha, Camo inakitunza kwa muda, na simu inakionyesha.

Hesabu: Camo, Shields, PyPI. Mmoja wao akichelewa sekunde chache tu, mgeni wako ameona picha iliyovunjika, na lawama anakutupia wewe. Ndiyo maana ushauri wote unaofuata una lengo moja, kupunguza idadi ya watu wanaopaswa kuwa macho ili beji yako ionekane.

## Ambazo zimeshakufa

Ukidhani huduma kubwa hazifi, pitia orodha hii.

- RawGit, iliyotumiwa na maelfu kuonyesha mafaili ya GitHub kama kurasa na picha, ilitangaza Oktoba 2018 kwamba inafunga.
- travis-ci.org, ambayo kwa miaka ndiyo iliyotoa beji maarufu kuliko zote za majaribio, ilifungwa tarehe 15 Juni 2021. Hadi leo utakuta README zenye anwani yake.
- Heroku iliondoa huduma yake ya bure tarehe 28 Novemba 2022. Vihuduma vingi vya beji vilivyojengwa na mtu mmoja mmoja vilikuwa vimekaa humo, vikaondoka navyo.
- Freenom, iliyogawa bure majina ya .tk na .ml ambayo wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki waliyakimbilia, ilisimamisha usajili mpya mwanzoni mwa 2023, na mwaka uliofuata ikatangaza kuachana kabisa na biashara ya vikoa.

Shields.io yenyewe haikufa, lakini Desemba 2022 ililazimika kubadili anwani za beji zake za GitHub Actions, na miradi chungu nzima ikaamka asubuhi ina beji inayowaelekeza kwenye maelezo ya mabadiliko hayo badala ya kuonyesha hali ya majaribio. Waliokuwa wanachukua beji hiyohiyo moja kwa moja GitHub hawakuguswa. Shika tofauti hiyo, maana ndiyo inayopanga vyeo hapa chini.

## Pa kuweka, kwa mpangilio wa kuaminika

### 1. Palepale msimbo ulipo

Kama majaribio yako yanaendeshwa na GitHub Actions, beji unayo tayari na hulipii kitu. Kwa ripo iliyo wazi kwa umma, hata kuendesha majaribio kwenye mashine zao za kawaida ni bure. Anwani ni hii:

`https://github.com/jina-lako/kwacha-shilingi/actions/workflows/majaribio.yml/badge.svg?branch=main`

Badili jina lako, jina la ripo na jina la faili la kazi. Hicho kipande cha mwisho, `?branch=main`, usikiache. Usipolitaja tawi, GitHub itaonyesha hali ya tawi kuu, na kama kazi hiyo haijawahi kuendeshwa kwenye tawi kuu, itaonyesha matokeo ya mwisho kutoka tawi lolote. Utakuta beji nyekundu kwa sababu ya jaribio la mwanafunzi aliyeko tawi la pembeni.

Walio GitLab wana yao: `https://gitlab.com/kundi/mradi/badges/main/pipeline.svg`, na palepale kuna `coverage.svg`.

Sababu ya kuipa nafasi ya kwanza ni nyepesi. GitHub ikilala, mgeni hataona beji, lakini hataona na mradi wenyewe. Hakuna wakati ambapo README yako imesimama peke yake ikikuaibisha.

### 2. Faili la SVG ndani ya ripo yako

Beji ni picha ya SVG yenye ukubwa wa takriban kilobaiti moja. Hakuna sheria inayosema lazima itoke seva ya mbali. Leseni ya mradi wako haibadiliki kila siku. Beji ya leseni ichore mara moja, ihifadhi kwenye folda ya `beji/`, iite kwa njia fupi (`beji/leseni.svg`), basi. Itaonekana miaka kumi ijayo kama ripo bado ipo.

Hata namba inayobadilika, kama asilimia ya msimbo iliyopitiwa na majaribio, inaweza kuchorwa na kazi ileile inayoendesha majaribio. Hatua zake nimezieleza hapo chini kwa urefu kwa sababu ndipo wengi wanapokwama.

### 3. Shields.io

Ni mradi huria, unaendeshwa na watu wa kujitolea kwa michango, na kwa maelezo yao wenyewe hutoa picha zaidi ya bilioni moja kila mwezi. Msimbo wake uko chini ya CC0, yaani mtu yeyote anaweza kuuchukua na kuuendesha. Itumie kwa kile ambacho huwezi kukipata nafasi ya kwanza wala ya pili: toleo lililopo PyPI au npm, matoleo ya Python yanayokubalika, na mfano wa hayo. Mbili tatu zinatosha.

### 4. Kihuduma cha bure cha mtu mmoja

Hapa ndipo penye makaburi mengi. Vingi vimekaa kwenye seva za bure zinazolala zisipotembelewa. Render, kwa mfano, huisimamisha huduma ya bure ikikaa dakika 15 bila mgeni, na kuiamsha huchukua muda mrefu kuliko Camo inavyoweza kusubiri. Matokeo yake mgeni wa kwanza wa siku huona picha iliyovunjika, na wa pili huiona nzima. Mwenye mradi akienda kuangalia, tayari imeshaamka, anaamini hakuna tatizo.

### 5. Seva yako mwenyewe Tunduma

Usifanye. Najua mashine unayo, na kazi yake unaiweza. Lakini beji inayotoka kwenye kompyuta iliyo mtaani kwako inategemea umeme wa mtaa, kipanga njia cha ofisini, bando la mwezi na mtu wa kuiwasha ukiwa safarini. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani, mtu wa Lagos au Lima aliweza kuusoma msimbo uliopo GitHub kama kawaida. Picha iliyokaa kwenye mashine ya Tunduma au Dar es Salaam angeipata kwa shida. Mashine hiyo ina kazi nyingine za maana, ipe hizo.

## Hatua za kuchora beji yako na kuitunza kwenye ripo

Tunarudi kwenye `kwacha-shilingi`. Unataka kuonyesha kwamba majaribio yanapitia asilimia 87 ya msimbo, na namba ibadilike yenyewe.

1. Fungua tawi tupu la beji. Amri ni `git switch --orphan beji`. Weka humo faili dogo la maelezo, kisha lisukume juu. Tawi hili halina historia ya msimbo, kwa hiyo komiti za beji hazitachafua orodha ya kazi yako halisi. Anayeruka hatua hii hujikuta baada ya miezi mitatu nusu ya historia yake ni "nimesasisha beji".

2. Chora picha mwishoni mwa majaribio. Kwa Python kuna kifaa kiitwacho `anybadge`. Kwa upande wa JavaScript kuna `badge-maker`, kinachotolewa na Shields wenyewe. Amri inakuwa hivi:

   `anybadge -l umepimwa -v 87 -f umepimwa.svg 60=red 80=orange 100=green`

   Namba 87 hapo utaibadilisha na ile inayotoka kwenye ripoti yako. Chini ya 60 itakuwa nyekundu, chini ya 80 rangi ya chungwa, zaidi ya hapo kijani.

3. Toa ruhusa ndogo iwezekanavyo. Kazi inayohifadhi picha inahitaji `contents: write`. Ipe kazi hiyo moja tu, si faili zima. Na iendeshwe pale tu msimbo unapoingia tawi kuu. Mgeni anapoleta mapendekezo yake, majaribio yaendeshwe bila ruhusa ya kuandika. Hili si jambo la kulifanyia haraka.

4. Hifadhi ikiwa imebadilika tu. Linganisha faili jipya na la zamani, zikilingana, acha. Komiti inayofanywa kwa tokeni ya kawaida ya GitHub Actions haianzishi kazi nyingine, kwa hiyo usiogope mzunguko usioisha. Ukitumia tokeni yako binafsi, mzunguko huo unaweza kutokea.

5. Iite kwa anwani kamili kwenye README.

   `![Kiasi cha msimbo uliopimwa](https://raw.githubusercontent.com/jina-lako/kwacha-shilingi/beji/umepimwa.svg)`

   Anwani hii ina akiba ya dakika kama tano. Ukisukuma mabadiliko na beji haijabadilika papo hapo, vuta subira kabla hujaanza kufumua kazi nzuri.

Mradi ukikua ukapata wageni wengi, hamishia picha hiyo GitHub Pages. Kikomo chake cha kawaida ni gigabaiti 100 kwa mwezi. Kwa picha ya kilobaiti moja, hiyo ni mitazamo ipatayo milioni 100. Ukifika huko, utakuwa na shida nyingine nzuri zaidi za kushughulikia.

### Ukitaka ijisasishe kila siku

Tuseme maktaba yako husoma viwango vya fedha kutoka ukurasa wa nje, na unataka beji ionyeshe kama usomaji huo bado unafanya kazi leo. Utaweka ratiba ya cron. Hapa pana mitego mitatu.

Wa kwanza ni saa. Ratiba ya GitHub Actions hufuata UTC isipoelekezwa vingine. Tunduma iko saa tatu mbele ya UTC. Nakonde, hatua chache kuvuka mpaka, iko mbili. Ukiandika `17 3 * * *` kazi itapangwa saa 12:17 asubuhi kwa saa za Tunduma na saa 11:17 alfajiri kwa saa za Nakonde. Mkiwa timu ya pande mbili za mpaka, andikeni kwenye maelezo ni saa za wapi, msije mkabishana bure.

Wa pili ni msongamano. Mwanzo wa kila saa watu wa dunia nzima wamepanga kazi zao, na zako zinaweza kuchelewa. Ndiyo maana hapo juu nimeweka dakika ya 17, sikuweka sifuri.

Wa tatu ndio unaoumiza. Ripo ya umma ikikaa siku 60 bila shughuli, GitHub huzima ratiba zake. Beji yako itabaki na kijani cha mwisho na haitamwambia mtu kwamba hakuna tena anayepima. Kwa hiyo beji ya namna hii iandike tarehe: badala ya "inasoma", iandike "inasoma" na tarehe ya kipimo pembeni. Mgeni akiona tarehe ya mwaka jana atajua mwenyewe.

## "Lakini..."

"Lakini Shields nayo inaweza kufungwa." Inaweza. Ndiyo sababu iko nafasi ya tatu na nimesema mbili tatu. Ikifungwa utakuwa na mistari mitatu ya kufuta. Aliyeweka kumi na tano atakuwa na ukuta wa picha zilizovunjika.

"Nataka ujumbe wangu mwenyewe, na sitaki kuchora SVG." Shields ina njia ya kati. Weka kwenye ripo faili la JSON lenye mambo manne:

`{"schemaVersion": 1, "label": "viwango", "message": "vinasomeka", "color": "green"}`

Kisha ita `https://img.shields.io/endpoint?url=` ukifuatisha anwani ya faili hilo. Ni rahisi, ila umeongeza mlango mmoja. Mimi ningechora SVG.

"Nikiwa na kikoa changu cha .tz sitamtegemea mtu." Kwa taasisi yenye bajeti ya kila mwaka na mtu wa kufuatilia, ni wazo zuri: beji zote zinaitwa kwa jina lenu, na huduma ya nyuma ikibadilika mnaelekeza upya bila kugusa README. Kwa kijana mmoja anayelipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, siku ya kulipia mwaka mpya ikifika salio likawa halitoshi, jina linaondoka. Na jina likiondoka mtu mwingine anaweza kulinunua. README yako itaendelea kumpeleka mgeni kwenye anwani hiyo, hata kama sasa ni ukurasa wa kamari.

"Beji nyingi zinaonyesha mradi makini." Hapana. Mgeni hutafuta majibu matatu: inafanya kazi, toleo gani, naruhusiwa kuitumia? Beji ya idadi ya nyota, ya "imetengenezwa kwa upendo", ya idadi ya watazamaji, hazijibu lolote kati ya hayo, na kila moja ni mlango mwingine unaoweza kufungwa. Ziondoe.

"Beji ya asilimia ya majaribio kutoka huduma za nje si picha tu?" Mara nyingi picha huja pamoja na chombo unachokiendesha ndani ya kazi yako ili kipeleke ripoti kwao. Kuanzia mwisho wa Januari hadi 1 Aprili 2021, mdukuzi alikuwa ameibadilisha hati ya Bash ya Codecov, na siri zilizokuwa kwenye mashine za majaribio za wateja zikawa zinavujishwa. Huduma kama hizo bado zina faida kubwa kwa timu kubwa. Mradi wenye watu wawili wa Vwawa hauna haja ya kubeba hatari hiyo kwa ajili ya namba ambayo `anybadge` inaweza kuiandika.

## Beji imeharibika: isome kabla ya kuifuta

Beji mbovu huwa inasema tatizo liko mlango gani. Wengi hawaisomi.

- Picha iliyovunjika na maandishi tu. Aliyepaswa kutoa picha hakujibu kwa wakati, au alituma kitu kisichotambulika kama picha. Fungua anwani ya beji peke yake kwenye kivinjari. Ikifunguka taratibu sana, umempata mchelewaji.
- Kijivu, "inaccessible". Shields iko hai. Anayeulizwa nyuma yake ndiye hakujibu. Rudi baadaye kidogo.
- "not found" au "repo not found". Umekosea jina, au umebadilisha jina la ripo, au umeifanya ya siri. Ripo ikiwa ya siri, beji yake haionekani nje, na hilo ni sahihi.
- "no status". Kazi haijawahi kuendeshwa kwenye tawi ulilotaja. Mara nyingi umeandika `master` wakati tawi lako ni `main`.
- "invalid" au "unparseable json response". Data ilifika lakini haisomeki. Kagua JSON yako. Huenda kuna mkato uliozidi.
- Kijani wakati unajua majaribio yamefeli. Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Ama tawi si lenyewe, ama unaona nakala ya akiba.

Kwa tatizo la akiba ya Camo, bofya picha, nakili anwani yake inayoanza na `camo.githubusercontent.com`, kisha endesha `curl -X PURGE` ukifuatisha anwani hiyo. Nakala ya zamani itaondolewa.

## Makosa yanayojirudia

- Kuandika matokeo kwenye maandishi mbadala. Maandishi yaliyo ndani ya mabano ya mraba ndiyo yanayobaki picha ikikosekana, na ndiyo anayosomewa asiyeona. Ukiandika "majaribio yamepita", yatasema yamepita hata siku yalipofeli. Andika "Hali ya majaribio".
- Kuweka tokeni kwenye anwani ya beji. README ni ya wazi. Chochote kilichomo kimeshasomwa na roboti kabla hujamaliza chai.
- Kistari kwenye beji za maandishi za Shields. Kistari kimoja hutenganisha sehemu. Ukitaka kionekane, andika viwili. Mstari wa chini nao vilevile. `kwacha--shilingi` itatokea `kwacha-shilingi`.
- Njia fupi kwenye README inayokwenda PyPI. GitHub itaielewa `beji/leseni.svg`, PyPI haitaielewa, na ukurasa wako huko utakuwa na picha iliyovunjika. Kama unachapisha PyPI, tumia anwani kamili kila mahali.

Hilo la PyPI lina jambo kubwa zaidi ndani yake. Maelezo ya kila toleo hugandishwa siku unapolichapisha. Beji ikifa baadaye, huwezi kuirekebisha kwenye ukurasa wa toleo hilo. Dawa ni kuchapisha toleo jipya. README ya GitHub unaweza kuihariri usiku wa manane kwa simu, ya PyPI huwezi. Basi kabla ya kuchapisha toleo, kagua kila beji, na ile unayoitilia shaka iondoe kwenye maelezo yanayokwenda huko.

## Fanya leo

Fungua README yako kwa simu, bila kuingia kwenye akaunti yako, ili uone anachokiona mgeni. Kama una laini ya Zambia, ifungue tena kwa hiyo. Gusa kila beji uone inakupeleka wapi. Ile isiyofunguka, ile usiyojua nani anaitoa, na ile inayokwenda ukurasa usioujua, zifute zote kabla hujalala. Zilizobaki, zihamishie nafasi ya kwanza au ya pili, na ukimaliza mwombe mwenzako mmoja akague nawe ukague zake, maana macho ya mwenye mradi huzoea kasoro zake mapema mno.